Watu Watano, Vipande Vinne: Kwa Wanaokwenda Kula Dim Sum

Mgahawa wa Kichina wa kawaida haubembelezi mteja. Menyu yake ina kurasa nyingi kuliko jiko linavyoweza kupika vizuri. Baadhi ya vyakula vimefungwa asubuhi hiyo hiyo kwa mikono ya mpishi, vingine vimetoka kwenye friza, na bei haikuambii kipi ni kipi. Ndiyo maana makundi mawili yanaweza kukaa meza zinazopakana, saa ile ile, moja likatoka linasifu na jingine likaapa kutorudi. Jiko lilikuwa moja. Waliotofautiana ni waagizaji. Mimi nashikilia kwamba mgahawa wa wastani, ukiuendea kwa akili, ni mahali pazuri zaidi pa kukaa na marafiki kuliko hoteli ya vitambaa vyeupe, kwa sababu pale mnaruhusiwa kucheka kwa sauti na kukaa muda mrefu. Ila lazima mjipange.

Nawaandikia hasa watu wa huku kwetu Kilakala na mitaa mingine iliyo chini ya Uluguru. Hapa mjini Morogoro, ukisikia chakula cha Kichina, tegemea wali wa kukaanga, tambi, na kuku wa mchuzi mtamu wenye pilipili hoho. Dim sum tunaifuata Dar es Salaam. Zamani hiyo ilikuwa safari ya kulala: basi, Chalinze, Kibaha, foleni ya Kimara, na ukifika njaa imeshapita na hasira imebaki. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, mambo yamebadilika. Ni mwendo usiofika saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati ule ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mnaondoka asubuhi, mnakula mchana, jioni mnarudi kulala kwenu. Mtoko wa namna hii sasa unawezekana hata kwa mwalimu mwenye vipindi Jumatatu.

Kwa asiyewahi kuiona, dim sum ni vyakula vidogo vidogo vya kusini mwa China, pande za Guangzhou na Hong Kong, vinavyoliwa kwa chai kuanzia asubuhi hadi mchana. Vingi hupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na huletwa mezani ndani ya vikapu hivyo hivyo. Kuna vya kukaanga, kuna vya kuoka, kuna vitamu vya kumalizia. Kikapu kimoja kwa kawaida kina vipande vitatu au vinne, na hakuna mwenye kikapu chake. Kila kitu ni cha meza.

Kula chombo kimoja hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Kigeni kwetu ni hesabu. Kwenye sinia la pilau kila mmoja anachimba upande wake mpaka atosheke, na hakuna anayejua nani amekula tonge ngapi. Kwenye kikapu cha vipande vinne, watu watano wanajua vizuri sana. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, kabla ya siku na kabla ya mgahawa, ni idadi. Wanne ndiyo idadi tamu. Wawili hawatoshi, maana vikapu vinne tu vitawashibisha na mtakuwa mmeonja vitu vinne. Mkiwa sita, agizeni vikapu viwili vya kila kinachopendwa. Mkiwa watano, ombeni mkasi. Usione aibu: kwenye migahawa ya dim sum mkasi ni chombo cha mezani, na wahudumu huutumia wenyewe kukata roli na vipande vikubwa. Zaidi ya wanane, gawanyikeni meza mbili, la sivyo mtu wa mwisho atakuwa anasikia habari za chakula bila kukiona.

Kuhusu nani aje: kila kundi lina rafiki ambaye chakula kisichokuwa na ugali anakihesabu kuwa kitafunio. Usimwache nyumbani, ni mtu mzuri, ila mpangie. Agizeni mapema ule wali wa kunata unaofungwa kwenye jani la yungiyungi, au sahani ya tambi za kukaanga, uwekwe karibu naye. Akishapata kitu kizito tumboni atakuwa mpole na ataanza kuonja vidogo kwa starehe. Mkimwacha asubiri, atamaliza vikapu vitatu peke yake bila hata kujua alichokula.

Yupo pia rafiki aliyefika Guangzhou. Siku hizi hakosekani. Wafanyabiashara wetu wanaofuata mizigo ya Kariakoo huenda mji huo huo ambao dim sum ndiyo chakula chake cha asubuhi, na maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanafanyika tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka. Mtu huyu ana thamani, lakini mpeni cheo cha mshauri, msimpe cha amri. Ukimwachia menyu nzima atawaagizia alichokuwa anakila yeye karibu na godauni, kisha atakaa mkao wa mwalimu kuwaeleza kwamba cha kule kilikuwa kizuri zaidi. Huenda ni kweli. Lakini hilo halisaidii meza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makundi mengi huliruka kwa aibu halafu likawaharibia siku: nguruwe.

Morogoro tunakaa pamoja. Meza moja ina Mwislamu, Mkatoliki anayeijua vizuri njia ya kwenda kwenye kitimoto, Msabato, na pengine rafiki wa Kihindu asiyekula nyama kabisa. Kwenye mgahawa wetu wa kawaida jambo hilo linamalizika kwa kila mtu kuagiza sahani yake. Kwenye dim sum halimaliziki hivyo, kwa sababu nguruwe kwenye mapishi haya hajifichi kwenye sahani moja. Yumo karibu kila mahali. Siu mai, yale maduara madogo yaliyo wazi juu, ni nguruwe na kamba. Maandazi meupe ya mvuke yenye nyama nyekundu tamu ndani ni nguruwe wa kuchoma. Haya yanajulikana. Yasiyojulikana ndiyo yenye hatari: har gow, zile zenye ganda linaloangaza na kamba anayeonekana ndani, kwa mapishi ya jadi huchanganywa na vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kilichojazwa ndani kiwe laini. Keki ya figili mara nyingi ina soseji ya Kichina. Wali wa kunata unaouzwa kwa jina la kuku huwa na soseji hiyo hiyo ndani. Unga wa maandazi na ganda la vile vikeki vya mayai hukandwa na mafuta ya nguruwe kwa wapishi wanaofuata mila.

Ongeza na jinsi vinavyopikwa. Vikapu vinapangwa juu ya chungu kimoja, na kilicho juu hudondosha matone kwenye kilicho chini. Kwa hiyo mhudumu anapomjibu Mwislamu kwamba kikapu fulani hakina nguruwe, anaweza kuwa anasema kweli na bado jibu lisitoshe. Maswali yanayosaidia ni matatu, na yaulizwe kwa simu siku kadhaa kabla: mnatumia mafuta gani kwenye unga na kukaangia, mna vikapu na chungu vya peke yake kwa visivyo na nguruwe, na nyama ya kuku na ng'ombe imechinjwa kihalali? Majibu yakiwa ya kusitasita, badilisheni mgahawa. China ina Waislamu wake wengi, Wahui na Wauiguri, na wana mapishi yao ya halali yanayosifika, tambi za kuvutwa kwa mkono zenye supu ya ng'ombe zikiwa mbele. Waafrika Mashariki wanaofikia eneo la Xiaobei kule Guangzhou hula kwenye migahawa ya aina hiyo. Ukipata jiko kama hilo, au jiko la dim sum lisiloingiza nguruwe kabisa, basi kundi zima lile hapo hata kama har gow zake si bora. Nimeshaona rafiki akikaa kwenye mtoko mzima anakunywa soda na kutabasamu huku wenzake wanakula. Huo si mtoko, ni msalaba kwa yule mmoja.

Msabato ana orodha yake pia: nguruwe hapana, na kamba hapana. Ukiondoa vyote viwili kwenye menyu ya dim sum hakibaki kingi, lakini kinabaki: vifurushi vya kuku na uyoga, keki ya mvuke ya malai ikiwa haina mafuta ya nguruwe, mboga za majani zilizochemshwa na kitunguu saumu, mipira ya nyama ya ng'ombe ya mvuke, ambayo nayo iulizieni kwanza kama haikuchanganywa mafuta ya nguruwe. Mwagizaji awe na orodha hii kichwani kabla ya kukaa. Kumuuliza mtu mbele ya mhudumu aliyeshika kalamu, "wewe hiki unakula?", ni kumfanya aeleze dini yake hadharani ili apewe chakula.

Siku nayo ina siasa zake. Jumamosi Msabato yuko ibadani, Jumapili asubuhi Mkristo mwingine yuko ibadani, Ijumaa mchana Mwislamu yuko msikitini, na mwezi wa Ramadhani ufutwe kabisa. Kinachobaki ni Jumapili kwa wanaosali misa ya kwanza, au sikukuu ya kitaifa. Sikukuu ina kasoro moja: tiketi za treni huisha mapema, basi kateni siku nyingi kabla, na kila mmoja awe na kitambulisho chake. Angalieni ratiba ya siku hiyo, msitegemee ya mwezi uliopita. Na kumbukeni stesheni iko Kihonda. Kutoka Kilakala hadi kule ni kukatisha mji, kwa hiyo bajaji aitwe mapema. Dereva anayesema "nakuja sasa hivi" yuko bado anakunywa chai.

Lengeni kukaa mezani kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Sababu si ustaarabu tu. Dim sum ni chakula cha asubuhi na mchana, na jiko la wastani huwa linafunga vifurushi vyake asubuhi. Saa hizo vikapu vinatoka kwa kasi, kilichoiva kinaliwa, kingine kinawekwa. Ukienda saa kumi jioni utapewa vile vile kwa jina, lakini ni vilivyokaa, au vilivyotolewa kwenye friza ukiwa umeshakaa. Mkiingia, tazama meza za wengine. Ukiona familia za Kichina, wazee na watoto, wamekaa na birika na vikapu, tulia. Ukiona kila mtu anakula wali wa kukaanga, huenda dim sum ya mahali hapo ni ukurasa wa menyu tu.

Kuagiza ndiyo kazi yenyewe. Mtu mmoja ashike menyu, mmoja tu. Meza ambayo watu watano wanamtajia mhudumu vitu kwa pamoja itapata siu mai mara tatu na haitapata mboga. Mwagizaji akusanye matakwa kwanza, kisha aseme yeye. Kipimo changu ni vikapu viwili hadi vitatu kwa kila mtu, pamoja na chakula kimoja kizito cha meza nzima. Lakini msiviagize vyote kwa mkupuo. Jiko la kawaida halipangi mtiririko; likipewa orodha ndefu linaleta vyote ndani ya dakika chache, meza inajaa, na ganda la wanga likipoa linakuwa gumu na kujinata. Mwambie mhudumu kwa upole lakini kwa msimamo: "Tunaanza na hivi vitano, tutaongeza." Atataka umalizie orodha, maana kwake ni safari moja. Usikubali. Vya mvuke viwe vya kwanza, vya kukaanga vifuate mkishapunguza njaa, kizito katikati kwa wasioshiba, na vitamu viagizwe mwisho.

Usiulize, "Hivi ni vya friza?" Hakuna mhudumu duniani atakayekujibu ndiyo. Uliza, "Leo jikoni wamefunga nini wenyewe?" Hapo atafikiri, pengine atakwenda kuuliza, na atarudi na majina mawili au matatu. Agizeni hayo kwanza, mara mbili mbili. Kuwepo kwa friza si dhambi. Maandazi ya mvuke hustahimili baridi vizuri sana. Siu mai hustahimili kiasi. Har gow huharibika, ganda lake linapasuka na kamba anakuwa kama mpira. Na zile roli nyororo za unga wa mchele zisizotengenezwa papo hapo ni bora muziache kabisa.

Macho yenu yatawaambia mengine. Har gow nzuri unaona rangi ya kamba kupitia ganda, na ukiinyanyua kwa vijiti haiachi ngozi kwenye karatasi. Wapishi wa Guangzhou huhesabu mikunjo yake: saba ni kima cha chini, kumi na zaidi ni ufundi. Mikunjo ikiwa sawasawa kabisa kwenye kila kipande, mashine imefanya kazi. Ikiwa inatofautiana kidogo, kuna mtu jikoni. Andazi likiwa na ngozi kavu juu, limekaa nje ya mvuke. Roli ya kukaanga ikiacha dimbwi la mafuta kwenye sahani, mafuta hayakuwa ya moto wa kutosha, na hapo msiagize kingine chochote cha kukaanga siku hiyo, kwa sababu karai ni lile lile.

Kisha kuna miguu ya kuku. Watu huogopa wakiiona kwenye menyu, ilhali miguu, vichwa na utumbo vinauzwa kila jioni mitaani mwetu na tunavila tukiwa tumesimama. Tofauti ni upishi: Wachina huikaanga kwanza, huiloweka mpaka ngozi ivimbe, kisha huipika taratibu kwa mvuke na mchuzi wa maharage meusi yaliyochachushwa, hadi ngozi inatoka kwenye mfupa bila kung'ang'ania. Mifupa hutemwa kwenye kisahani pembeni, na si utovu wa adabu. Agizeni kikapu kimoja. Mara nyingi ni kitu cha bei nafuu chenye kazi kubwa nyuma yake, na mgahawa wa wastani hukipika vizuri kuliko kamba, kwa sababu kupoa na kupashwa hakukidhuru.

Wahudumu wataleta chai kabla ya chakula, na chai hiyo haina sukari. Nawaomba: msiitishe sukari kabla ya kuonja. Chai chungu ipo pale kukata mafuta ya kinachofuata, na mtu aliyekunywa vikombe viwili vya chai tamu hafiki kikapu cha tatu. Ya asumini ni nyepesi kwa anayeanza. Pu'er ni nyeusi, nzito, yenye harufu ya udongo wa mvua, na ndiyo inayopatana zaidi na vyakula vya mafuta. Adabu yake ni rahisi na inafanana na yetu: unawamiminia wenzako kwanza, wakubwa mbele, kikombe chako mwisho. Anayemiminiwa hugonga meza kwa vidole viwili kushukuru, hata kama mdomo umejaa. Birika likiisha, fungua kifuniko ukiweke upande. Mhudumu anayejua kazi ataongeza maji ya moto bila kuitwa. Asiyejua, mwite.

Vijiti visiwe mtihani. Anayeweza na avitumie, asiyeweza aombe uma, na andazi linashikwa kwa mkono bila kuomba ruhusa ya mtu. Makosa ya kweli mezani ni mengine. Mojawapo ni kumwaga sosi ya soya na pilipili juu ya kikapu cha wote, kama tunavyofanya kwenye sahani ya chipsi. Kila mtu ana kisahani chake cha kuchovya, achovye humo. Jingine ni kuzungusha kile kioo cha katikati ya meza ya duara wakati mwenzako ameshapeleka mkono. Jingine, na hili ni la simu, ni kupiga picha kila kikapu kinapofika huku wenzako wamekaa wanakisubiri kipoe. Picha moja ya vikapu vya kwanza inatosha mtandao mzima.

Fedha. Hapa urafiki hupimwa, na mengi huamuliwa na maneno yaliyotumika wakati wa kualikana. Ukisema "nawapa ofa", lipa, na wengine wasijifanye kuchungulia bili. Ukisema "twendeni tukale", ni mchango. Mwenye kusema "mtakuwa wageni wangu" halafu akaanza kupiga hesabu ya kugawana mbele ya bili ametafuta ugomvi wa mwaka mzima. Kama ni mchango, wekeni kiwango kabla ya kupanda treni, kila mtu amtumie mhazini kwa simu, na mhazini alipe kwa lipa namba mara moja. Kinachobaki kirudishwe kwa wote sawa, au kilipie bajaji za kurudi.

Msijaribu kila mtu alipe alichokula. Haiwezekani; hakuna anayekumbuka nani alichukua kipande cha pili cha keki ya figili, na anayekumbuka si mtu wa kula naye. Gawanyeni sawa, isipokuwa mambo mawili. Bia na vinywaji vingine vya kileo viwe kwenye bili yake tofauti tangu mwanzo, kwa sababu wasiokunywa hawana sababu ya kuvigharamia na mara nyingi ndivyo vinavyozidi chakula. Na aliyezuiwa na dini au afya kula nusu ya vikapu apunguziwe bila kuomba. Mhazini mwenye busara hulifanya kimya kimya. Kabla ya kuagiza, tazameni chini ya menyu kama bei imejumlisha VAT, ambayo Tanzania Bara kawaida ni asilimia 18, maana bili iliyoongezeka kwa kiasi hicho bila kutarajiwa imeshawakimbiza watu kwenye mashine ya ATM. Ulizeni chai inalipiwa kwa birika au kwa kichwa. Karanga na kachumbari zilizoletwa bila kuagizwa, ulizeni kabla ya kuzigusa. Daini risiti, ihesabuni kwa kikapu, kisha acheni bakshishi kidogo kwa aliyewavumilia na "tutaongeza" yenu.

Kwa ambao Dar ni mbali mwezi huu, kuna njia ya pili, na kwa baadhi ya makundi ni bora kuliko ya kwanza. Jikusanyeni nyumbani kwa mmoja wenu Kilakala, Jumapili alasiri, mfunge wenyewe. Ganda la har gow tuliache, linataka wanga maalumu na mkono uliozoea. Fungeni aina ya kaskazini mwa China, ambayo ganda lake ni unga wa ngano na maji tu, ukandwe mpaka uwe laini, upumzishwe nusu saa, usukumwe vipande vidogo vyembamba pembeni na vinene kidogo katikati. Sokoni kwa Chifu Kingalu mtapata vyote vinavyohitajika: kabichi au chainizi kutoka Mgeta, tangawizi, vitunguu vya majani, kuku. Katakata mboga ndogo ndogo, nyunyizia chumvi, ziache dakika kumi, kisha zikamue kwa nguvu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na maji ya mboga ndiyo yanayopasua vifurushi. Changanya na nyama iliyosagwa, tangawizi, sosi ya soya kidogo, mafuta ya ufuta kama yapo. Tandika majani ya kabichi kwenye chekecheke la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka, panga vifurushi visigusane, funika dakika kumi na mbili.

Mnaojua kufunga sambusa mtafunga haraka, ingawa za kwanza zitakuwa na sura ya kusikitisha. Hapo hakuna swali la halali, mnajua kuku amechinjwa na nani. Na rafiki wa Guangzhou mpeni kazi ya kusukuma unga, atapunguza maelezo.

Mabaki ya mgahawani yafungiwe, mmelipia. Maandazi ya mvuke husafiri vizuri na kesho yake yakipashwa kwa mvuke dakika tano yanarudi kuwa mapya. Keki ya figili ni tamu zaidi siku ya pili, ikikatwa na kukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka ishike rangi. Wali wa jani la yungiyungi ubaki ndani ya jani lake hadi siku ya kupashwa. Chochote chenye kamba msibebe. Joto la Dar, muda wa kusubiri stesheni, safari yenyewe, kisha bajaji kutoka Kihonda kupandisha Kilakala: kufika nyumbani kamba huyo ameshakaa nje ya baridi saa nyingi, na friji haitamrudisha. Wamalizeni kabla hamjaomba bili.